Niliridhika Kabla Sijasimama

Namshukuru Mungu aliyenipa mgongo wa kukalia kiti hiki, ingawa mgongo wenyewe umepinda kama mnavyouona. Mnaonifahamu hapa Nzuguni mnaniita Fundi Ezra. Mchungaji ameniomba niwasimulie yaliyonipata, kwa sababu anasema katika nyumba nyingi za ushirika wetu kuna mtu amelala ndani, na wenye nyumba hawajui wamwambie nini. Mimi nililala ndani. Nitasema nilivyoona, na nitataja mambo ya mwili ambayo kwa kawaida hatuyataji mbele za watu. Mniwie radhi. Nikiyaacha hayo, habari yenyewe haipo.

Kabla ya kuugua nilikuwa fundi wa kupaua. Mji ulikuwa unapanuka, kila mtu anajenga, na mimi na mwenzangu Salimu hatukukosa kazi. Salimu ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Yeye alipima na kukata mbao chini, mimi nilipanda. Nilitembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kama wengine wanavyotembea barabarani, misumari mdomoni na nyundo kiunoni. Watu walisimama chini kunitazama, nami nilipenda kutazamwa. Jumapili nilikuwa kanisani na mke wangu Debora. Tulikuwa tumekaa miaka mingi katika ndoa bila mtoto, lakini hata hilo nilikuwa nimelizoea. Mtu angeniuliza kama nimeridhika na maisha, ningemwambia ndiyo. Sikujua kwamba nilichoridhika nacho kilikuwa ni mwili wangu.

Maumivu yalianza kiangazi, katikati ya mgongo, usawa wa mwisho wa mbavu. Nikasema ni kazi. Nani anabeba mbao asiumwe mgongo? Debora alinichua kwa mafuta, nikameza dawa za maumivu, nikaendelea. Maumivu hayakuondoka. Yalinisumbua zaidi nikilala kuliko nikifanya kazi. Usiku nilitokwa na jasho hadi shuka inalowa. Nikaanza kukonda. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya, kisha lingine. Siku moja Debora alipokuwa ananichua alisimamisha mkono. Akaniambia kuna kinundu kimetokeza kwenye uti wa mgongo, kama kifundo cha kidole. Nilimwambia aendelee kuchua.

Kipindi hicho hicho Debora akapata mimba. Tulicheka, tukalia, tukamshukuru Mungu. Nikasema moyoni kwamba sasa nitajenga chumba kingine.

Siku nilipokwama tulikuwa tunapaua nyumba ya mwalimu mmoja. Nilikuwa juu kabisa. Nikataka kuhamisha mguu wa kushoto kwenda kenchi ya pili, na mguu haukwenda. Niliutazama. Niliuamuru, ukabaki pale pale kama mguu wa mtu mwingine. Nikajaribu wa kulia, ukatetemeka wenyewe, ukalegea. Nikakumbatia mbao kwa mikono miwili. Jua lilikuwa kali, na mimi siwezi kwenda mbele wala kurudi. Salimu aliniuliza kutoka chini kama nataka msumari. Nikamwambia, "Salimu, siwezi kushuka."

Alipanda na kamba. Alinifunga kwapani, akaizungusha kamba kwenye kenchi, akaniteremsha polepole kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Nilipofika chini suruali ilikuwa imelowa mkojo, na sikuwa nimeusikia ukitoka.

Ndugu zangu walikuja. Kila mmoja alikuwa na la kusema. Wengine walisema nimerogwa na mafundi wenzangu. Wengine walisema kuna mhubiri mgeni amefunga turubai upande wa pili wa mji, watu wanapona. Nilikuwa mtu wa kanisa, nikachagua la turubai. Walinibeba kwenye kiti. Mhubiri aliniwekea mikono, akapaza sauti, kisha akaniamuru nisimame. Watu wawili waliniinua, wakaniachia. Nilianguka kifudifudi. Mdomo ulipasuka. Mhubiri akasema kwenye kipaza sauti kwamba moyoni mwa ndugu huyu kuna ukuta wa kutoamini. Akaenda kwa mwingine.

Nilirudishwa nyumbani na maneno hayo. Ninawaambia kweli, yalinifunga kuliko miguu. Mtu akivunjika mguu anajua kwamba mguu wake ndio mbovu. Mimi niliambiwa kwamba kibovu ni kile nilichokuwa nakitegemea kinitoe, imani yangu.

Aliyenipeleka hospitali ni Salimu. Alikuja kunisalimia, akakaa kwenye kigoda, akasikiliza habari zote za wachawi na mhubiri. Kisha akauliza swali moja tu, "Kuna mtu amekupiga picha huo mgongo?" Hakuna aliyekuwa amenipiga. Kesho yake alikuja na gari.

Picha zilichukuliwa, nikachomwa sindano ndefu mgongoni, tukangoja majibu. Daktari alikuwa mama wa makamo. Aliniambia nina kifua kikuu. Nilimwambia sikohoi. Akasema, "Kifua kikuu hakikai kifuani peke yake. Kwako kimekaa kwenye uti wa mgongo. Kimekula mifupa miwili, na usaha umebana mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni." Aliwatoa hofu wenzangu kwamba ugonjwa wa namna yangu haumwambukizi mtu, tena alimpima Debora akamkuta salama. Nilimuuliza nitatembea lini. Aliweka kalamu mezani. "Dawa zipo na zinatibu. Utazimeza zaidi ya mwaka mzima bila kuruka. Lakini miguu, Bwana Ezra, siwezi kukuahidi."

Baada ya kukaa wodini nilirudishwa nyumbani kulala chali na kugeuzwa.

Nataka mwelewe maana ya kulala ndani. Kuanzia kitovuni kwenda chini sikuhisi kitu. Nilikuwa na mpira wa mkojo na mfuko wake ukining'inia kitandani, na kwa sababu ya dawa mkojo ulikuwa wa rangi ya machungwa. Choo hakikutoka chenyewe. Debora, na mimba yake, alivaa glovu akakitoa kwa kidole, na mimi nilitazama ukutani. Wakati mwingine miguu ilijikunja yenyewe, ikaruka chini ya shuka kama samaki aliyevuliwa. Mara ya kwanza nilifurahi, nikadhani napona. Daktari akatuambia hapana, ni mishipa tu inahangaika.

Chumba kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Hatukuwa tumeweka dari, kwa hiyo nililala nikitazama bati nililopiga mwenyewe. Mchana bati lilipata moto na kulialia. Upepo wa Dodoma mnaujua. Ulipuliza vumbi likaingia hadi kwenye meno. Juu yangu kulikuwa na papi moja, ubao wa kushikia bati, niliyoipigilia vibaya, imepinda kidogo. Ni kazi ya msumari mmoja kuinyoosha. Niliitazama ile papi asubuhi hadi jioni, miezi.

Watu wa kanisa walikuja kuniombea, Mungu awabariki. Lakini niwaambie jambo ambalo mgonjwa huliona. Kila aliyesema amina alifumbua macho akaitazama miguu yangu kwanza, ndipo akanitazama usoni. Nami nilikuwa naitazama vilevile. Sala yangu ilikuwa neno moja, niinue. Nilipoona siinuliwi niliacha kuomba, ila mdomo uliendelea kusema amina ili wageni wasihuzunike.

Mimba ya Debora ilipokuwa kubwa alianza kuvimba miguu na uso, kichwa kikimuuma. Alipokwenda kliniki walimwambia presha imepanda sana, na hawezi kurudi nyumbani. Atalazwa hadi ajifungue. Alinipigia simu kutoka huko. Hakulia kwa ajili yake mwenyewe. Aliniuliza, "Nani atakugeuza?"

Wazazi wangu wote wamekwishatangulia. Kaka yangu anavua samaki Mtera; alikuja, akakaa kidogo, akarudi kwenye nyavu zake kwa sababu ana watoto wa kulisha. Salimu alikuwa akija alfajiri baada ya swala, ananiosha, ananigeuza, anakwenda kazini, na jioni anarudi. Lakini mchana mzima ulibaki. Basi Debora akamwita mama yake kutoka Mlali.

Nilipoambiwa mama mkwe anakuja nilitamani kufa kabla hajafika. Kwetu Wagogo, kwa malezi niliyolelewa, mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kuwa mbali. Nikikutana naye njiani napisha. Sili mbele yake, yeye hali mbele yangu. Chumba ninacholala haingii. Tangu nimuoe Debora sikuwahi kumtazama mama yule usoni sawasawa. Na sasa mimi nimelala chini ya shuka na mpira wa mkojo.

Alifika na kikapu chake, akasimama nje ya pazia la mlango wangu, akanisalimu kwa Kigogo. "Mbukwa, mwanangu."

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pole."

Siku za mwanzo tuliishi hivyo, pazia katikati. Uji aliuweka kwenye kigoda, akakisukuma ndani huku uso ameugeuzia ukutani, nami nikanyoosha mkono. Yeye alikaa sebuleni karibu na pazia akichambua mlenda. Nilisikia akiomba kwa sauti ya chini. Hakujua kusoma, lakini Neno alilishika lote kwa kusikia. Tuliongea kidogo, habari za mvua na za mashamba ya Mlali. Kulikuwa na hatua mbili tatu kati yetu, na wote wawili tulikuwa tumefungwa, yeye kule na mimi huku.

Kisha nikaharisha. Sijui kama ni dawa au ni chakula. Siku hiyo Salimu alikuwa amepata kazi nje ya mji, hawezi kufika kabla ya jua kuzama. Ilianza asubuhi, nami sikuhisi kutoka kwake, nilijua kwa harufu. Halafu nzi wakaja. Walitua miguuni nikawaona wanatembea, sihisi, na siwezi kuwafukuza. Nilijifunika shuka hadi shingoni katika lile joto, nikafikiri labda harufu haitafika sebuleni.

Akaniita. "Ezra, unaumwa tumbo?"

Nikamwambia, "Mama, usiingie. Nakuomba. Tumsubiri Salimu."

Nikasikia kigoda kikisogezwa, hatua zikitoka nje. Nikashukuru, nikidhani ameondoka ili kunisitiri. Kumbe alikwenda kuteka maji. Nilisikia yakimiminwa kwenye beseni. Hatua zikarudi, zikasimama penye pazia.

"Fumba macho, mwanangu."

Nilifumba. Akaingia, akavua kitenge alichojitanda, akanifunika uso. Kikawa giza lenye harufu ya moshi wa kuni. Nikamsikia anasema juu yangu, polepole, kama anayejisemea mwenyewe, "Sasa hunioni. Na mimi sioni mkwe. Naona mtoto wa watu anaumwa."

Aliniosha. Sikuhisi mikono yake kiunoni wala mapajani, nilisikia maji tu na kitambaa kikikamuliwa, tena na tena. Aliponigeuza ubavu alisimama. Akaniuliza kama waliniambia kwamba nina kidonda. Nikamwambia sina habari. "Kipo hapa chini ya kiuno," akasema. "Kinaingia kiganja." Debora na Salimu walikuwa wanakisafisha kila siku, na walinificha.

Chini ya kile kitenge nililia. Msidhani nililia kwa shukrani. Sikuwa na shukrani hata chembe. Niliona kwamba nilichobakiwa nacho katika dunia ni heshima yangu mbele ya mkwe, na Mungu amekuja kuchukua na hicho.

Tangu siku ile aliniosha kila mchana. Muuguzi alimfundisha kusafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, naye alifanya bila kuruka. Kila mara alisema fumba macho, akanifunika, akafanya kazi yake, akaniacha safi. Watu wa upande wangu walisikia, wakanung'unika. Shangazi yangu mmoja alikuja kumwambia kwamba ameleta aibu. Sikusikia mama alimjibu nini. Nilisikia tu beseni likiwekwa chini, na shangazi akiaga.

Siku moja nikiwa nimefunikwa nilimwambia, "Mama, niombee Mungu aniinue."

"Nakuombea," akasema. "Lakini, Ezra, asipokuinua?"

Nikasikia akichovya kitambaa kwenye beseni.

"Miguu isiporudi, utakuwa mtu wa nani? Na Mungu atakuwa si Mungu tena?"

Nilikasirika mno. Niliona hata yeye sasa ananihesabia kutokuamini kama yule wa turubai. Nilikaa siku kadhaa bila kumsemesha, namwitikia salamu tu. Yeye hakubadilika. Alikuja na beseni, akanifunika, akaniosha, akatoka. Hatimaye ni yeye aliyeanza. Aliniambia habari ambazo hata Debora hakuwahi kunisimulia. Alizika mume na watoto watatu pale Mlali. Wa mwisho alimzika mwaka wa njaa, peke yake, kwa sababu majirani walikuwa wamehama kutafuta chakula. Alimdai Mungu majibu hadi sauti ikakauka.

"Nikachoka kudai," akasema. "Sikupata jibu, mwanangu. Lakini nilipoacha kudai nikaona bado nimeshikwa. Alikuwa amenishika muda wote, mimi nilikuwa nagombana na mikono."

Akakamua kitambaa.

Nilikaa na maneno hayo. Sikuwa na pa kwenda. Na hiyo ndiyo faida mojawapo ya kufungwa: huwezi kulikimbia neno. Nilikumbuka kwamba mtume Paulo alisema amejifunza kuridhika, na alilisema akiwa kifungoni. Nilikuwa nimelisikia tangu utoto, na sikuwahi kuona kwamba alisema amejifunza. Kumbe haikuja yenyewe, hata kwake.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kawaida. Jirani alikuwa anapaua, na fundi aliyekuwa juu alikuwa Salimu, amejifunza kupanda kwa sababu mimi sipo. Kwa muda mrefu kila mlio wa nyundo mtaani ulikuwa unanichoma moyo. Siku ile nilimsikiliza. Nilitambua kwa mlio kwamba anapiga kwa woga, msumari mmoja anaugonga mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Nikamwonea huruma. Nikasema, Bwana, mshike Salimu asianguke. Ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli baada ya miezi, na haikuwa na miguu yangu ndani yake. Nilipoanza sikunyamaza. Nikamwombea Debora, nikamwombea mtoto, nikamwombea mama aliyekuwa anapepeta unga nje. Mwisho nikasema, na mimi, Bwana, nipo hapa, ni wako nikiwa hapa. Bati lilikuwa linalia, joto lile lile, papi ile ile imepinda juu yangu. Kidole cha mguu hakikucheza. Naomba mnisikie vizuri hapo, hakikucheza. Lakini nilikuwa nimetosheka, kama mtu aliyekula akashiba na hatazami tena chungu.

Mama alipokuja na beseni akasema fumba macho. Nikamwambia, "Mama, leo usinifunike."

Alisimama na kitenge mkononi. "Utaweza?"

"Nitaweza."

Nikamtazama. Nilikuwa mkwe wake kwa miaka yote ile, na ndipo nilipoona kwamba jicho lake la kushoto lina utando mweupe wa mtoto wa jicho, na la kulia limeanza. Alikuwa ananiosha na kusafisha kidonda changu kwa nusu ya jicho. Ndiyo maana alikuwa anainama sana. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba kila mtu pale nyumbani alikuwa na la kwake.

Siku ya Debora kujifungua ilinipima. Presha ilipanda wakampeleka kupasuliwa. Mama alikimbilia hospitali, na Salimu akaacha kazi akaja kukaa nami, simu kifuani pangu. Mama akapiga kusema mtoto ametoka, wa kike, mzima, lakini Debora anavuja damu na bado wako naye ndani. Halafu simu ikanyamaza. Nilitaka kuruka kutoka kitandani, na mwili ukanikumbusha kwamba hauruki. Nililia. Wanaosema kwamba mtu aliyeridhika haogopi, hawajui. Niliogopa sana. Tofauti ilikuwa kwamba sikuogopa peke yangu. Salimu alinishika mkono, akaomba kwa namna yake, mimi nikaomba kwa namna yangu, na hakuna aliyemwuliza mwenzake. Jua lilipokuwa linashuka simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Debora mwenyewe, nyembamba kama uzi. Akasema, "Ezra, nipo."

Walipomleta mtoto nyumbani walimlaza kifuani pangu. Nilimhisi. Kifua kilikuwa sehemu ya mwili iliyobaki kwangu, na kilitosha kumbeba.

Miguu ilianza kurudi baadaye, polepole mno. Kwanza ni kama sisimizi kwenye unyayo. Kisha kidole gumba cha kulia. Mwanzoni sikumwambia mtu, nilihofia ni ile mishipa inayohangaika. Daktari alinichoma kwa pini akaniuliza kama nahisi, nikasema nahisi, naye akavua miwani akaifuta. Nilifundishwa kukaa, nikazirai mara nyingi kwa kizunguzungu. Nilivalishwa mkanda mgumu wa mgongo. Salimu aliniungia fremu ya mabomba ya kushikilia, nikasimama kama mtoto, mapaja yakitetemeka, mkojo ukinitoka. Mtoto wangu na mimi tulijifunza kutembea wakati mmoja, na alinishinda. Dawa nilimaliza zote. Kidonda kilifunga, kovu lipo.

Nilipoweza kutembea kwa fimbo nilimpeleka mama kliniki ya macho. Mkono mmoja fimbo, mkono mwingine nimemshika yeye asijikwae. Watu walitushangaa, mkwe na mkwe wameshikana mikono njiani. Alifanyiwa upasuaji, na sasa yuko Mlali, anachambua mbegu mwenyewe.

Hivi karibuni daktari alitazama picha mpya akaniambia ukweli. Mifupa imeshikamana ikiwa imepinda, mgongo hautanyooka. Mguu wa kushoto utabaki mzito. Juu ya paa sitapanda tena maishani. Akaniuliza kama nina swali. Nilijitafuta ndani, nikaona sina. Nikamwambia, "Sina swali, daktari. Asante." Siku hizi Salimu anapanda, mimi napima na kukata mbao chini.

Basi, ndugu zangu, haya ndiyo ninayowasihi. Mgongo ukikuuma wiki baada ya wiki, nawe ukatokwa na jasho usiku na kukonda, nenda hospitali upigwe picha, hata kama hukohoi. Ukipewa dawa, meza hadi mwisho. Tuombeane, na tuende kwa daktari pia; Mungu hana ugomvi na dawa. Na ukienda kumwona aliyelala ndani, usimwambie hana imani. Chukua beseni. Mgeuze. Mtazame usoni kwanza.

Na wewe uliyelala, ambaye labda utasomewa haya kitandani, nisingependa kukudanganya. Sijui kama miguu yako itarudi. Wako waliolala wodi moja nami, walioomba kuliko mimi, na miguu yao haikurudi. Siku hizi nikikumbuka chumba kile sikumbuki kwanza siku niliyosimama. Nakumbuka ile asubuhi ya nyundo, nimelala chali, siwezi kujifukuzia nzi, na Mungu yupo nami humo ndani. Namshukuru kwa kunitoa. Lakini zaidi namshukuru kwamba aliingia.